Mwanga Kabla ya Joto

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri katika ukumbi wa shule ya sekondari huku Eastlands, Nairobi, mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi. Walimu kadhaa waliniomba niyaweke kwa maandishi, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanangu mliobanana kwenye viti vya mbele, hamjambo?

Mwaliko niliopewa ulinitaka niongee juu ya kemia na leza. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba ingefaa nitumie Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani. Nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa nitumie Kiswahili, na amekubali. Kuna akina mama hapa nyuma waliofunga vibanda mapema, na akina baba waliotoka kazini wakaja moja kwa moja. Nataka wasikie kila neno pamoja na watoto wao, na jioni wakifika nyumbani waweze kubishana nao.

Mezani nina vitu vinne. Meko ya gesi ya kilo sita. Koroboi ya bati. Chumvi kwenye kisahani. Na boksi la viatu lenye kipande cha DVD ndani yake. Boksi tutalifikia mwishoni. Tuanze na koroboi na meko, kwa sababu tofauti ya mioto hii miwili ndiyo kiini cha yote niliyokuja kuwaambia.

Wengi wenu hamjawahi kusomea koroboi. Sisi tulisomea. Asubuhi ulikuwa ukipenga kamasi inatoka nyeusi, na dari juu ya meza ilikuwa na duara la masizi. Masizi hayo ndiyo yaliyotupa mwanga. Mafuta ya taa hayaungui yote. Sehemu yake hugeuka kuwa chembe ndogo sana za kaboni, na chembe hizo zikipata moto hung'aa manjano, kama kaa la jiko, au kama chuma mkononi mwa fundi wa Gikomba kabla hajakishushia nyundo. Huo ni mwanga wa joto. Chuma, kaa na masizi vikifikia joto lilelile hung'aa karibu rangi ileile. Kwa hiyo mwanga wa namna hiyo hauna mengi ya kusimulia. Unakwambia kitu kina moto kiasi gani, basi.

Sasa meko. Ikiwaka vizuri, ulimi wake ni wa bluu na chini ya sufuria hakuna masizi. Kama hakuna masizi ya kung'aa, hiyo bluu inatoka wapi?

Gesi inapoungana na oksijeni haifiki mwisho wa safari kwa hatua moja. Njiani huzaliwa vipande vya molekuli visivyodumu: kimoja chenye kaboni moja na haidrojeni moja, kingine chenye kaboni mbili zilizoshikana. Vinazaliwa vikiwa na nishati ya ziada, kwa kuwa mmenyuko uliovizaa umeachia nishati nyingi kwa ghafla. Baadhi yake huwahi kuitupa nishati hiyo kama mwanga, kabla havijanyang'anywa kwa kugongana na majirani. Kile cha kaboni na haidrojeni hutupa mwanga wa bluu ya zambarau, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 431, nanomita ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Kile cha kaboni mbili kina mikanda kadhaa ya rangi, mmojawapo ukiwa wa kijani karibu na nanomita 516. Jicho huvichanganya vyote na kusema "bluu".

Mkunga hujua hali ya mtoto kwa kilio chake cha kwanza. Mwanga huu wa meko ni kilio cha kwanza cha molekuli. Ukichelewa kidogo tu, molekuli imeshagongana na wenzake, nishati imeshatawanyika, na kilichobaki ni joto la kuchemshia chai. Joto ni nishati iliyosahau ilikotoka. Spektroskopia ni kazi ya kuwahi, kuusoma mwanga kabla haujageuka joto.

Kazi hiyo ina umri. Mwaka 1859 na 1860, mjini Heidelberg huko Ujerumani, mwanakemia Robert Bunsen na mwanafizikia Gustav Kirchhoff waliweka chumvi mbalimbali kwenye moto safi wa gesi, wakaupitisha mwanga wake kwenye mche wa kioo. Kila elementi ilitoa mistari yake, kama alama za vidole. Mwaka 1860 waliona mistari ya bluu isiyo ya kitu chochote kilichojulikana, na hivyo wakaigundua elementi ya sesiamu kabla hata ya kuishika mkononi. Mwaka uliofuata wakapata rubidiamu kwa njia hiyohiyo.

Nanyi mmeshafanya jaribio lao bila kujua. Githeri ikifurika sufuriani, maji yenye chumvi yakamwagikia meko, moto wa bluu hugeuka manjano kwa nukta chache. Manjano ile si masizi. Ni sodiamu ya chumvi, nayo ina mistari miwili iliyokaribiana kama mapacha: nanomita 589.0 na 589.6. Ishikeni hiyo namba, tutaihitaji.

Miaka ya 1920, mjini Berlin, aliishi mwanakemia aitwaye Michael Polanyi. Yeye na wenzake walichukua mvuke wa sodiamu na gesi ya klorini, vyote vikiwa vyembamba mno, katika mrija uliotolewa hewa, wakaviacha vikutane. Mkisoma kwenye vitabu vyenu mtaona sodiamu na klorini zikiungana hutoa chumvi, ile ile iliyo kwenye kisahani hapa. Katika mrija wa Polanyi ilitoka chumvi, na ukatoka pia mwanga wa manjano, nanomita 589. Lakini mrija haukuwa na moto wa kutosha kuifanya sodiamu ing'ae. Nishati ilitoka wapi? Walikuja kuelewa kwamba molekuli ya chumvi iliyozaliwa dakika hiyo ilikuwa ikitetemeka kwa nguvu, kama kamba ya gitaa iliyovutwa na kuachiliwa, na ilipogusana na atomu ya sodiamu iliipa mtetemo wake wote. Sodiamu ndiyo iliyolia kwa niaba ya chumvi.

Mwana wa Michael, John Polanyi, alizaliwa hukohuko Berlin mwaka 1929. Familia ikahamia Uingereza Wanazi walipotwaa madaraka, na mwaka 1956 kijana huyo alianza kazi Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Aliuliza swali lilelile la baba yake kwa gesi nyingine: atomu ya haidrojeni ikiigonga molekuli ya klorini na kuondoka na nusu yake, ile kloridi ya haidrojeni inayozaliwa inakuwa katika hali gani? Inakaa kimya? Inakimbia? Inazunguka? Au inatetemeka?

Kwa kawaida mtetemo wa molekuli hautoi mwanga wa kuonekana kwa macho. Hutoa miale ya infraredi, ile iliyo upande wa pili wa nyekundu. Kwa hiyo Polanyi na mwanafunzi wake Cashion walitumia spektromita ya infraredi, chombo cha kutenganisha miale hiyo na kuipima, na mwaka 1958 waliripoti kwamba wameuona mwanga hafifu wa kloridi ya haidrojeni iliyozaliwa ikitetemeka. Baadaye, ili kuhakikisha kwamba wanaona kilio cha kwanza wala si cha pili, walifanya mambo mawili. Gesi ziliwekwa chache mno chomboni ili molekuli zisipate wa kugongana nazo, na kuta za chombo zilipozwa kwa naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili molekuli ikigusa ukuta igande papo hapo na kunyamaza. Kila mwanga uliofika kwenye spektromita ulikuwa umetoka kwa molekuli changa. Mimi nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, na bado nikifikiria jaribio hilo navutiwa na unyenyekevu wake. Hukuzi sauti ya anayeongea. Unanyamazisha wengine wote.

Sasa tuingie kwenye leza, na hapa nitaomba msaada wa mtaa wa Pipeline.

Mnajua yale majengo ya ghorofa nane, hayana lifti, na maji hayapandi juu. Wapangaji wakiachiwa wachague, chini hujaa kwanza, katikati wanapungua, na juu kabisa wanabaki wachache. Molekuli nazo zina ghorofa za mtetemo, na katika joto la kawaida zinapangana hivyohivyo: wengi chini, wachache juu. Ukipitisha mwanga katika jengo kama hilo, utamezwa. Kila mwanga unaoingia unampandisha mtu ghorofa moja.

Lakini tuseme jengo ni jipya, na wapangaji wa kwanza wameletwa moja kwa moja hadi ghorofa ya pili na ya tatu, huku ya chini ikiwa vyumba vitupu. Hapo mwanga ukipita, badala ya kumezwa unamgusa aliye juu, naye anashuka na kutoa mwanga wake wa rangi ileile, uelekeo uleule, hatua kwa hatua na ule uliomwamsha. Imekuwa miwili. Miwili inaamsha wawili wengine. Ukiweka kioo upande huu na kioo upande ule, mwanga unakwenda na kurudi, unakua, hadi unatoka kama mstari mmoja ulionyooka. Hiyo ndiyo leza. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza mwezi Mei mwaka 1960 kwa kipande cha yakuti nyekundu na taa ya kumweka, inayowaka ghafla kama ya kamera.

John Polanyi alikuwa ameshaona kwenye spektra zake, yaani ile mistari na mikanda ya mwanga aliyoipima, kwamba mmenyuko unawapeleka wapangaji juu wenyewe. Leza ya Maiman ilihitaji taa ya umeme ya kuwapandisha; molekuli za Polanyi zilikuwa zinazaliwa zikiwa juu tayari. Akaandika pendekezo kwamba mtetemo huo unaweza kuendesha leza ya infraredi. Jarida la kwanza alilolipelekea lililikataa. Pendekezo lilichapishwa kwingine mwaka 1961. Walimu, naomba mliseme hilo madarasani, maana watoto wetu wanadhani barua ya kukataliwa ni hukumu.

Aliyelitimiza pendekezo hilo ni George Pimentel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na mwanafunzi wake Jerome Kasper. Pimentel naye alikuwa mtu wa spektra. Alikuwa amejenga spektromita ya infraredi ya kasi ili aweze kuona vipande vya molekuli vinavyoishi kufumba na kufumbua, vile vinavyozaliwa mwanga mkali ukizipasua gesi. Mwaka 1964 walipata leza kutoka kwa atomu za iodini zilizokatwa kwa mwanga kutoka kwenye molekuli zake. Mwaka 1965 walichanganya haidrojeni na klorini, wakazimulika kwa taa ya kumweka, mchanganyiko ukalipuka, na katika mlipuko huo kloridi ya haidrojeni ikatoa mwanga wa leza, karibu mikromita 3.8, yaani nanomita 3800. Ilikuwa leza ya kwanza ya kemikali duniani.

Naomba tukae hapo kidogo. Hakuna aliyeanza kwa kutafuta nguvu. Wote walianza kwa kutazama mwanga dhaifu usioonekana, wakahesabu walio ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nguvu ilikuja kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi.

Baada ya klorini ikaja florini, na hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo. Atomu ya florini ikiivamia molekuli ya haidrojeni, mmenyuko unaachia nishati ya kilojuli zipatazo 134 kwa kila moli. Spektra zilionyesha kwamba karibu thuluthi mbili ya nishati hiyo haiendi kwenye joto hata kidogo, inaingia kwenye mtetemo wa floridi ya haidrojeni iliyozaliwa. Ghorofa ya pili inajaa kuliko zote, ya tatu inafuata, na ya kwanza ina wachache kuliko hizo mbili. Ni jengo lililopangwa kinyume kabisa, tena na maumbile yenyewe. Mwalimu wa kemia akisema mmenyuko fulani "unatoa joto", anasema kweli ya mwisho wa hadithi. Pale mwanzoni kabisa, mmenyuko kama huu wa florini hautoi joto hasa. Unatoa mtetemo.

Tatizo ni kwamba floridi ya haidrojeni huharibiana yenyewe kwa yenyewe. Molekuli mbili zikigongana, mtetemo hupotea haraka mno. Ndiyo maana mafundi wa leza hizi walilazimika kusukuma gesi kwa kasi kuliko sauti kupitia matundu membamba, zikutane, ziungane, zitoe mwanga wake, na kufagiliwa nje kabla walioshuka hawajarundikana chini. Ni kama stendi ya matatu: gari lililoshusha likikaa palepale, hakuna lingine litakaloingia.

Na kuna jambo jingine ambalo spektra peke yake ndiyo ingeweza kulisema. Mwanga wa floridi ya haidrojeni uko karibu na mikromita 2.7 hadi 2.9, na mvuke wa maji ulio hewani unaupenda mno mwanga huo. Unaumeza. Basi wakaitoa haidrojeni ya kawaida wakaweka duteriamu, ndugu yake mwenye uzito maradufu. Kitu kizito hutetemeka polepole zaidi. Mwanga ukasogea hadi kati ya mikromita 3.6 na 4.2, na hapo hewa inaupitisha. Hawakubadilisha kifungo cha kikemia. Walibadilisha uzito tu.

Leza ya aina nyingine ilizaliwa mwaka 1977 katika maabara ya jeshi la anga la Marekani huko Albuquerque, na hii nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu uzuri wake uko kwenye hesabu ambayo hata kidato cha kwanza anaiweza. Ukipitisha gesi ya klorini ndani ya haidrojeni peroksidi iliyotiwa alkali, inatoka oksijeni. Si oksijeni hii tunayovuta. Elektroni zake zimejipanga vingine, na imebeba kilojuli 94 za ziada kwa kila moli. Molekuli moja ya oksijeni hiyo, ikiachwa peke yake bila kugongwa, inaweza kukaa na mzigo wake zaidi ya saa nzima kabla ya kuutua kama mwanga wa nanomita 1268. Katika ulimwengu wa molekuli, saa moja ni kama umri wa milima. Inapokutana na atomu ya iodini huikabidhi mzigo, kwa sababu ghorofa ya iodini iko karibu kabisa na kimo chake, na iodini ndiyo inayotoa leza, nanomita 1315.

Lakini chomboni, oksijeni hizo zikiwa nyingi, huonekana mng'ao mwekundu. Mwekundu unatoka wapi, na 1268 ni infraredi isiyoonekana? Wanangu, gawanyeni 1268 kwa mbili.

[Hapa wanafunzi waliitikia: "634!"]

Nanomita 634 ni nyekundu. Molekuli mbili, hakuna hata moja yenye nishati ya kutosha kutoa mwanga wa kuonekana, zinakutana na kuchanga, na kwa pamoja zinatoa mwanga mmoja wenye nishati ya wote wawili. Akina mama wa chama cha kuchangiana huko nyuma, mnaicheka kwa sababu mnaijua. Mwaka 1963 wanasayansi Khan na Kasha walieleza kwamba mng'ao mwekundu unaoonekana peroksidi ikikutana na kemikali ileile iliyomo kwenye Jik, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, unatokana na oksijeni hii. Msiende kuchanganya Jik na chochote nyumbani. Hata kidogo. Gesi zinazoweza kutoka zinachoma mapafu, na kwa nguvu ya hizo za dukani hamtaona kitu.

Lazima niseme pia leza hizi zilitumika kwa nini, kwa maana nikiwaficha mtasoma wenyewe. Zilitumika kwa vita, au kwa matayarisho yake. Mwaka 1980 Marekani iliwasha leza ya floridi ya duteriamu yenye nguvu ya kiwango cha megawati, ikawekwa White Sands, New Mexico. Ile ya oksijeni na iodini ilipakiwa ndani ya ndege kubwa ya Boeing 747, na tarehe 11 Februari 2010, pwani ya California, iliharibu kombora likiwa angani. Mwaka uliofuata mpango ukafungwa, baada ya kula zaidi ya dola bilioni 5, na ndege yenyewe ikaja kukatwakatwa vipande. Ilibidi kubeba matangi ya kemikali kali hewani, na wakati huo leza za umeme zilikuwa zinakua mwaka hadi mwaka. Florini nayo ni hatari kupindukia. Asidi yake hula kioo, na ikigusa ngozi hupenya hadi kwenye mfupa.

Mimi ningependa tukumbuke kitu kingine. John Polanyi alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1986, pamoja na Dudley Herschbach na Yuan Lee. Tuzo hiyo ilitolewa kwa kuonyesha jinsi mmenyuko unavyotokea hatua kwa hatua, wala haikuwa ya silaha. Na tangu mwaka 1960 amekuwa miongoni mwa wanasayansi wa Kanada waliojitokeza hadharani kupinga silaha za nyuklia. Ndege imekatwa. Hesabu ya ghorofa ya pili na ya tatu bado iko vitabuni, na inawasaidia watu wanaochunguza injini, mioto na anga.

Nikisema anga, sisemi ya mbali. Usiku wa leo, kilomita zipatazo 87 juu ya Nairobi, atomu za haidrojeni zitakuwa zikiigonga ozoni, na kutoka hapo kutazaliwa vipande vya oksijeni na haidrojeni vinavyotetemeka vikali na kutoa mng'ao wa infraredi na wekundu kidogo. Hufanyika kila usiku, kuanzia Kariobangi hadi Karen, bila kubagua. Taa za jiji na udhaifu wa macho yetu vinatuzuia kuuona. Polanyi aliuchunguza mmenyuko huo pia katika chombo chake.

Sasa turudi kwenye kisahani cha chumvi.

Kioo cha kawaida hakipitishi infraredi ya kati, ile ya mitetemo ya molekuli. Chumvi inapitisha. Kwa hiyo spektromita nyingi za infraredi zilikuwa na madirisha ya chumvi iliyokuzwa kwa uangalifu ikawa safi kama barafu, kipande cha unene wa biskuti. Hukishiki bila glavu, kwa sababu unyevu wa kidole unaacha shimo. Katika chuo kimoja nilichofanya kazi nikiwa kijana tuliletewa chombo kama hicho kutoka ng'ambo. Nilikifungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na kimfuko cha punje za bluu za kufyonza unyevu, na kijitabu kilieleza wazi: punje zikigeuka waridi, zikaushe kwenye oveni, zirudishe. Hilo tu. Miaka miwili tulikitumia, wanafunzi wakatazama kwa macho yao mstari wa pombe, mstari wa sukari, mstari wa dawa ya malaria.

Kisha ikaja likizo ya Aprili. Masika, stima zikakatika kwa siku nyingi, maabara ikafungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake ulikuwa kwa mtu mmoja aliyesafiri. Nilikuwa nimeomba kwa maandishi ufunguo wa pili. Tulipofungua, punje zilikuwa waridi zote na dirisha la chumvi limepauka kama maziwa. Niliweka tochi nyuma yake, mwanga haukupita. Niliandika barua kuomba dirisha jingine, nikaandika ya pili, na ya tatu. Chombo kikafunikwa kitambaa cha khaki, na kwa miaka kumi na mmoja kikawa meza ya kuwekea rejista. Kila nilipopita niliona kizazi kizima cha vijana kikifunzwa kuchora spektra ubaoni, futi sita kutoka kwa chombo ambacho kingewaonyesha spektra yenyewe. Bado inaniuma, na ndiyo sababu nazunguka shule za Eastlands nikiwa na boksi la viatu.

Msifikiri ni mambo ya ng'ambo tu. Gigiri, mwendo wa matatu mbili kutoka hapa, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu cha ICRAF kina maabara inayosoma udongo kwa infraredi. Udongo wa mkulima hukaushwa, hupondwa, humulikwa, na kutokana na jinsi unavyomeza miale wanakadiria kaboni na mambo mengine ya rutuba bila kupitia kemikali nyingi za gharama. Ni infraredi ileile ya Toronto. Mtoto wa hapa anaweza kufanya kazi pale.

Basi boksi. Upande mmoja nimetoboa tundu, nikabandika nyembe mbili zikitazamana, zimeachana kwa unene wa karatasi. Upande wa pili kuna kipande cha DVD kilichobanduliwa tabaka lake la kung'aa. Mistari ya DVD imeachana kwa mikromita 0.74, na mistari iliyokaribiana hivyo hutawanya rangi vizuri kuliko mche wa kioo wa bei. Nyembe nimenunua kwa kinyozi, DVD niliipata River Road kwenye rundo la zilizokwaruzwa. Walimu wenu wa sayansi wamesaidia kutengeneza mengine, yako chini ya viti vya safu ya mbele. Pokezaneni, kila mmoja atazame, na mama huko nyuma asikose zamu.

Tutaanza na koroboi. Mtaona upinde wa mvua usiokatika popote, nyekundu hadi zambarau. Hiyo ni kaboni yenye moto. Kisha nitaizima na kuwasha meko. Mtadhani hamna kitu. Subirini, macho yazoee giza, na msiondoe jicho kwenye boksi. Mikanda itajitokeza: mmoja wa kijani, mmoja wa bluu, na kule pembeni wa zambarau, na kati yake giza. Hesabuni iko mingapi kabla sijagusa chumvi.

Nani amekaa karibu na swichi? Wewe mwenye sweta ya kijani, asante, simama. Mwalimu, tafadhali fungeni mapazia ya upande wa barabara. Haya, zima taa.